Manowari ya Punje za Mahindi

Arusha, 11 Juni 1912

Kwa mtani wangu Kiyungi bin Maganga, mchukuzi wa makaa, bandarini Dar es Salaam.

Nakupa salamu nusu. Nusu ya pili nimeizuia, kwa sababu barua yangu ya mwaka jana hukuijibu. Kama umekufa sema, nipande treni nije kukucheka kaburini, maana Mzigua kumcheka Mnyamwezi hata maiti ni haki yake tangu enzi za misafara. Kama u hai, tafuta mtu mwenye akili akusomee. Nimeandika herufi kubwa kubwa. Mwalimu wa serikali Tanga alinifundisha miezi mitatu kisha akanifukuza, na nusu ya herufi zilibaki kwake.

Sasa sitanii. Mwanangu Abdulrahim yuko kwenye mnyororo. Mwezi wa nne alikuwa akipasua mbao kwenye shamba la mzungu mmoja chini ya Meru. Nyapara akamchapa mzee mmoja aliyekaa kupumzika. Mwanangu akamnyang'anya nyapara kiboko, akakivunja gotini. Hakumgusa mtu. Kiboko tu. Amepewa miaka miwili. Amevishwa pete ya chuma shingoni, wako wanane mnyororo mmoja, wanabeba mawe ya barabara. Mtani, nimekaa huku tangu tulipopanda kujenga boma, miaka kumi na miwili. Mtu aliyeimaliza miaka miwili ya mnyororo namjua mmoja, na huyo siku hizi huongea na kuku.

Bwana Shauri, mzungu anayetuhukumu bomani, ujanani alikuwa baharia. Aliona mlango niliouchonga akaniita. Anataka manowari ndogo ya mti, mfano wa ile inayokaa bandarini kwenu, kila kitu mahali pake, iwekwe mezani siku ya kuzaliwa Kaiser wao, tarehe ishirini na saba Januari. Nikamwambia, bwana, nami nina langu. Akasema ikitoka sawasawa na yenyewe ataandika karatasi, Abdulrahim atolewe chuma siku hiyo.

Tatizo ni kwamba manowari nimeiona mara moja tu, Pangani, ilipokuwa ikitupiga mizinga, na wakati huo nilikuwa nakimbia. Sikuhesabu bomba.

Wewe unaipanda kila inapokula makaa. Nipimie. Urefu kwa hatua, pua mpaka mkia. Upana, milingoti, mizinga, mashua, kila kitu. Usinihesabie ulevini.

Mtani wako aliyekuzidi uzuri,
Jamaldini bin Feruzi, seremala


Dar es Salaam, 9 Julai 1912

Kwa Jamaldini bin Feruzi, Arusha.

Mimi mzima. Anayeniandikia ni Magdalena, binti wa jirani yangu, amesoma misheni. Nimemtajia tusi la kukujibu, amekataa kuliandika. Anasema kalamu ni ya padri. Basi ameacha nafasi hapa, ulijaze mwenyewe, unajua nilivyokusudia.

Habari ya Abdulrahim imenifika. Mtoto yule nilimbeba begani kutoka Pangani mpaka Korogwe akanikojolea njia nzima.

Nimeipima Jumamosi. Makaa yalipokwisha tukabakizwa kufagia sitaha. Nimetembea na ufagio toka puani mpaka mkiani, hatua za kawaida, kwa miguu hii hii iliyonifikisha Ujiji ikanirudisha. Hatua mia na sitini. Nikarudia. Mia na sitini. Upana haukufaa kwa hatua, katikati pana vyumba na mizinga, basi nimepima kwa mikono, nikijifanya najinyoosha mgongo. Pima tano na nusu.

Bomba za moshi mbili. Milingoti miwili, wa nyuma mfupi. Mizinga mikubwa minane: miwili mbele, miwili nyuma, miwili kila ubavu. Mashua sita, zimening'inizwa. Madirisha ya duara ishirini na manne kila upande, Magdalena ameyahesabu akiwa ufukoni. Mwili mweupe, bomba za manjano. Nyuma, chini ya maji, kuna mapanga mawili ya shaba yanayoisukuma. Hayo nimeambiwa, sikuyaona.

Mwambie Abdulrahim babu yake Mnyamwezi yuko.

Kiyungi bin Maganga
kwa mkono wa Magdalena


Arusha, 22 Agosti 1912, mchana wa Ramadhani, na njaa ndiyo inayoandika

Mtani,

Nafasi uliyoniachia nimeijaza. Tusi likatoka zuri mno kwa kichwa chako, nikajua si lako.

Kipimo changu ni hiki. Kila hatua yako ni punje moja ya mahindi. Nimepanga punje mia na sitini juu ya meza, meza ikaisha kabla ya meli, nikaunga ubao. Jogoo wa jirani akaingia akala pua yote mpaka mzinga wa kwanza, nikaanza tena. Pima moja ya mikono nimeifanya punje mbili na nusu, basi upana umekuwa punje kumi na nne kasoro kidogo. Nilipoitazama nilikuna kichwa. Ndefu, nyembamba. Nikasema labda ndiyo mwendo wake.

Loishiye, kaka yake Nanyori mke wa Abdulrahim, alinishushia gogo la mwangati kutoka juu mlimani. Mti una harufu njema, randa inapita bila ugomvi. Lakini ulikatwa huku ukungu wa Meru ungali ndani, nami kwa pupa yangu nikauchonga mbichi. Siku ya tisa ukapasuka toka chini mkukuni mpaka juu sitahani kwa mlio wa bunduki. Nilikuwa nasali. Nikakata sala nikatukana, na sala ile nimeihesabu haipo. Gogo la pili nimelizika kwenye majivu siku ishirini. Hili limetulia.

Kila asubuhi mnyororo unapita mbele ya mlango wangu kwenda kwenye mawe ya mto Themi. Nasimama mlangoni na chochote nilichokimaliza. Leo ubavu, kesho mlingoti. Kuita ni marufuku, kwa hiyo siiti, nainua tu juu. Yeye shingo haiwezi kugeuka, chuma hakimruhusu, lakini macho anageuza. Wiki iliyopita niliinua bomba, nimezitengeneza kwa maganda ya risasi, akacheka. Ombasha anayewasimamia akamchapa kwa kucheka. Tangu hapo nainua vitu visivyochekesha.

Nanyori anampelekea chakula. Ombasha anakula nyama, mchuzi unafika.

Niambie nanga zikoje. Na uniambie tena ile mia na sitini.

Jamaldini


Dar es Salaam, 17 Septemba 1912

Kwa Jamaldini.

Idi imepita salama. Nanga ni mbili, moja kila shavu, na minyororo yake ni minene. Puani pana ndege wa dhahabu. Kamba za milingoti nimemchorea Magdalena naye amekuchorea kwenye karatasi hii nyuma, usimcheke.

Mia na sitini ni mia na sitini. Miguu yangu naijua mimi. Usiniulize tena habari ya hatua.

Na usifikiri kushuka kunitazama kabla ya mwaka kuisha. Usije. Kazi nyingi.

Kiyungi bin Maganga
kwa mkono wa Magdalena


Arusha, 14 Oktoba 1912

Kiyungi,

Leo sikuiti mtani.

Jana Bwana Shauri alikuja mwenyewe karakanani kwangu. Meli ilikuwa imekwisha mwili, imepakwa rangi nyeupe, mizinga minne imekwisha kukaa. Aliizunguka mara moja. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Akasema, mzee, nimekuagiza manowari, umenichongea nyoka. Akaamuru ipelekwe kwenye hori wanyweshapo ng'ombe. Tukaiweka majini mbele ya askari na wanawake wenye ndoo. Ikasimama kadiri ya mtu kuvuta pumzi, ikalala ubavu, ikajaa maji, bomba zikajitenga. Ng'ombe mmoja akaja akanywa hapo hapo.

Bwana Shauri akaacha kucheka. Akasema ahadi ni ya kitu kilicho sawasawa, hiki si sawasawa. Akasema Januari haisogei.

Nimeketi na punje zako tangu jana. Madirisha ishirini na manne kwa urefu ule yanakaa mbalimbali kama meno yangu. Mashua hazitoshi kujaza ubavu. Upana ni sawa na mizinga, mizinga ni sawa na mashua, urefu peke yake haupatani na mtu. Uliipima au ulikaa kwenye kivuli ukataja namba? Kama ulikuwa umelewa sema. Nitakusamehe ulevi. Nieleze tu mahali pa kukata.

Abdulrahim ameanza kukohoa. Asubuhi namsikia kabla sijamwona. Leo sikuwa na kitu cha kuinua mlangoni. Nilisimama mikono mitupu, naye alitazama mikono.

Jamaldini bin Feruzi


Dar es Salaam, 3 Novemba 1912

Kwa Jamaldini bin Feruzi.

Magdalena amenisomea barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo.

Hesabu zako ni njema. Mbaya ni zangu. Sikuwa nimelewa.

Mwaka jana, baada ya mfungo, kigari cha makaa kilichomoka kikashuka na reli yake, kikanipita mguu wa kushoto. Vidole vitatu vilibaki pale relini. Nililala miezi minne. Barua yako ilinikuta kitandani, ndiyo sababu sikujibu. Nilijua ukisikia utanitungia jina, na jina hilo litapanda treni, na kila Mzigua kutoka Pangani mpaka Handeni ataniita nalo mpaka nife. Ni haki yako. Ningekuwa mimi ningekutungia mawili. Lakini sikuwa tayari kuchekwa. Nikasema nijizoeze kwanza, nitembee vizuri, ndipo nimwambie.

Mguu ule haupigi hatua. Unafuata mwenzake. Nilipokuandikia miguu yangu hii hii, nilijiambia kuwa ndiyo hii hii. Jana nimemwambia Magdalena ukweli, akapiga mistari mchangani, tukapima mwendo wangu na wa baba yake. Hatua tatu zangu ni mbili za mtu mzima. Sitaha haina mia na sitini. Ina mia na saba. Upana usiuguse. Mikono ninayo yote.

Nimeficha mguu nisichekwe, na mtoto yuko na chuma shingoni.  Andika lolote unalotaka, Magdalena ameahidi kunisomea lote.

Kiyungi bin Maganga
kwa mkono wa Magdalena, ambaye anasema mzee hajala tangu jana


Arusha, 25 Novemba 1912

Mtani wangu, na sasa jina lako ni Mzee Theluthi,

Nimekutungia moja tu, uone huruma yangu. Limekwisha kushuka na treni ya Jumanne. Ukifika Korogwe utalikuta linakungoja stesheni na ngoma.

Kula. Mimi ningepoteza vidole vitatu ningewaambia watu ni simba.

Nyoka nimempasua kuni, tumepikia uji. Mwili mpya nimeuanza siku ile ile barua yako ilipofika. Punje mia na saba, na sasa kila kitu kimejua kwao. Madirisha yamekaribiana, mashua zimepata ndugu. Jana nimeuweka horini peke yangu asubuhi kabla ya ng'ombe. Umesimama. Nimeusukuma kwa kidole ukarudi ukasimama.

Minyororo ya nanga nimeipata kwa Namnyaki, jirani, amenikatia vikufu vyembamba vya chuma alivyokuwa akivaa. Na mapanga ya nyuma yamepata shaba. Nanyori ameleta hereni zake, zile kubwa za shaba zilizosokotwa kama konokono, zinazoning'inia masikioni mwa mwanamke aliyeolewa huku. Amenipa mwenyewe, sikumwomba. Nimezinyoosha, nimezikata, nimezisugua kwa tupa. Zinang'aa. Ukarimu wa namna hii hamna kwa Wanyamwezi.

Mnyororo haupiti tena mbele kwangu, wamehamishiwa kambi ya barabara ya Kisongo, huko upepo mzuri wa kifua. Abdulrahim hajambo, naambiwa. Bwana Shauri hajambo. Shaushi, mkubwa wa askari wa boma, hajambo. Sote hatujambo, na tarehe ishirini na saba inakuja kwa furaha.

Jamaldini, fundi wa Kaiser


Dar es Salaam, 16 Desemba 1912

Jamaldini, una kichwa kama kata ya kuchotea bata maji, na ndani hamna hata maji.

Hilo Magdalena ameliandika. Nimemwambia leo lazima, akaandika, kisha akalia, maana nimekwisha kumwambia linalofuata.

Mimi nimepita nchi ya Wamasai mara tano na misafara ya pembe. Nimelala kwao, nimeugulia kwao. Mwanamke wa kule havui hereni zile mumewe akiwa hai. Hazivui kwa kuoga, hazivui kwa kulala. Nilimwona mmoja tu akizivua, na tulikuwa tumemletea mzigo uliofungwa ngozi.

Hili si la ndugu yako kukuambia. Ndugu angekuogopa. La mtani ni kusema, ndiyo nasema. Umemwona Abdulrahim kwa macho yako tangu ahamishwe? Nenda Kisongo. Kama ni hivyo ninavyofikiri, iache meli. Usimpambie Bwana Shauri, mtu aliyekwisha kukulipa kwa kifo. Vunja, choma, ulie kama watu.

Nijibu, hata neno moja.

Kiyungi bin Maganga
kwa mkono wa Magdalena


Arusha, 4 Februari 1913

Kiyungi, mtani wangu,

Barua hii haipiti posta. Inashuka Moshi na Sifael, mwenye punda wa kubeba ngozi, atamkabidhi mtu wake wa Tanga, na wa Tanga atakutafuta. Nilinyamaza wiki saba na nilikuwa na sababu. Karani wa posta hapa ni rafiki wa shaushi, na barua hufika mkononi mwangu zimekwisha kufunguliwa. Yako ya Desemba ilikuwa imefunguliwa.  Lakini karani ni mvivu, husoma mstari wa kwanza tu, na wa kwanza ulikuwa tusi. Mshukuru Magdalena. Tusi lile limeokoa kazi yangu yote.

Nilijua. Nilijua kabla Nanyori hajatoa mkono wake juu ya meza. Miaka kumi na miwili nimekaa na watu hawa, unadhani nilikuwa natazama nini?

Alikuwa amekwenda Kisongo na chakula. Lerionka, aliyekuwa amefungwa nyuma ya Abdulrahim, akamwambia kwa Kimasai ombasha asielewe: wa mbele yangu hayupo tangu juzi, kifua kilimziba, usilete tena vya watu wawili. Akarudi.  Alivua sikio la kulia, akavua la kushoto, akaweka kati ya punje za mahindi, akatoka kukaa nje. Mimi nikaendelea kupiga randa, maana mkono haukujua namna ya kusimama.

Kesho yake nikaenda. Ombasha akanionyesha kwa kidevu, kando ya barabara. Huzikwa na pete zao shingoni. Nikamwomba nimtoe nikamzike kwa sala. Akasema mfungwa wa miaka miwili ni wa boma miaka miwili, awe anabeba mawe au amelala, na hatoki bila karatasi ya Bwana Shauri. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia.

Nikarudi nikifikiri. Nikimwambia Bwana Shauri kijana amekufa, atasema pole, ataichukua meli, na karatasi hataandika, amwandikie nani? Lakini yeye alikuwa hajui. Huko kambini mmoja akianguka, mwingine hufungwa mahali pake, na safari ya mawe inaendelea. Nikaona karatasi ile ingali yangu, mradi nisilie. Ndiyo ukapata ule upuuzi wa Novemba wa upepo mzuri na furaha. Nanyori alijifunga kitambaa masikioni, tukawaambia majirani yanamuuma. Nami nikakaa karakanani nikiimba, ili askari wapitao wasikie baba wa mfungwa anaimba. Wiki tisa. Rangi ya bomba nimeipaka nikiimba, kamba za milingoti nimezifunga kwa sindano nikiimba. Sauti yangu unaijua.

Tarehe ishirini na saba tukaibeba bomani watu wawili, nimevaa kanzu ya Idi. Ikawekwa mezani kati ya chupa. Bwana Shauri akaipima kwa kipimo chake cha chuma, akahesabu madirisha, akachungulia nyuma akayazungusha yale mapanga kwa kidole. Yakazunguka bila mlio. Akasema ni yenyewe. Akanipa mkono. Nikamwambia, karatasi, bwana. Akaandika pale pale, karani akimtajia jina, akagonga muhuri wa ndege. Shaushi alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alijua. Alinitazama, nami nikamtazama. Angesema wakati ule, angeulizwa mbona hakusema Novemba. Akafungua mlango nipite.

Kulipokucha tukaenda Kisongo, mimi, Loishiye na Nanyori, majembe mawili na sanda. Nikampa ombasha karatasi. Kusoma hajui, nikamsomea. Abdulrahim bin Jamaldini afunguliwe mnyororo, akabidhiwe baba yake.

Akasema, "Mzee, huyu amekufa."

Nikamwambia, "Karatasi haisemi amekufa. Inasema afunguliwe."

"Unanichezea."

"Basi twende bomani, wewe mbele. Kamwambie Bwana Shauri, leo kichwa kikimuuma kwa pombe ya Kaiser, kwamba muhuri wake unacheza."

Akavuta mkanda wake, akauachia. Kisha akatuonyesha mahali.

Tulichimba mpaka adhuhuri. Tulichokiona sikiandiki, Magdalena anasoma. Nilimjua kwa jino la mbele, alilolivunja utotoni akiuma msumari wangu. Pete ilikuwa imekuwa kubwa kuliko shingo. Ingetoka hivi hivi, kwa kuinua tu, na Loishiye alikwisha kunyoosha mkono. Nikamzuia. Nikamwambia ombasha, imeandikwa afunguliwe, na ufunguo unao wewe.

Nilidhani ataturushia ufunguo. Alishuka mwenyewe, Kiyungi. Aliingia shimoni na viatu vyake, akapiga magoti kwenye udongo. Ufunguo ukakataa kwa kutu, akajaribu tena ukakataa. Nanyori akamshushia kibuyu cha mafuta ya kondoo aliyokuwa ameyaleta kwa ajili ya mumewe. Ombasha akayamimina kwenye tundu, akangoja, akageuza, ikafunguka. Alipotoka hakuna aliyemtazama mwenzake.

Tumemlaza shambani kwa Loishiye, upande wa juu. Nimemsalia mimi. Hapakuwa na mtani wa kuturukia kaburini, wala wa kuiga mwendo wa marehemu na kutudai mbuzi. Nilisimama nikingoja kama mjinga, kila mtu akanitazama nianze kuondoka. Mazishi yasiyo na mtu wa kuyacheka ni marefu sana. Njoo. Treni itakufikisha Moshi, kutoka hapo Sifael atakupakia punda, na punda atakuwa na adabu kuliko wewe. Njoo unitukane mbele ya kaburi, nimekaa na deni hilo.

Jana Bwana Shauri ameniita. Habari ya Abdulrahim hakuniuliza. Anataka meli ya pili, yenye bomba tatu, ampelekee mama yake Ulaya. Nimemwambia macho yameniishia, sindano na punje zimeyamaliza. Hakuamini. Akapitisha kiganja mbele ya uso wangu, mara moja, mara ya pili karibu kabisa. Nikatazama ukuta. Loishiye akanishika mkono kunitoa, na kwenye kizingiti nikajikwaa, vizuri sana, mpaka karani akasema pole mzee.

Kwa hiyo ukiulizwa barua hii kaandika nani, hujui. Mimi sioni.

Jamaldini bin Feruzi